Pua Chini Kwanza: Injini Ikizima Baada ya Kuruka Sumbawanga

Jioni ya kuamkia safari, ifunge ndege kamba, vaa viatu vya kutembelea, waombe ruhusa watu wa uwanja, kisha utoke kwa miguu. Nenda upande ambao pua ya ndege itaelekea asubuhi. Pita mwisho wa njia ya kurukia, endelea kilomita moja na nusu hivi, ukiikagua ardhi kama mtu anayetafuta kiwanja cha kujenga. Unatafuta mahali pa kuiweka ndege endapo kesho injini itazima ukiwa umepanda futi 300 tu.

Mara ya kwanza nilipofanya hivyo Ufipa, nilikuwa nimeshachagua kwa macho nikiwa angani: kipande cha majani mabichi, bapa kama mkeka. Nilipofika nikamkuta mzee anarudisha ng'ombe. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwuliza kama ndege ndogo ingeweza kutua pale. Hakucheka. Alichomeka fimbo yake kwenye majani, ikazama mpaka karibu na kiganja. "Mwanangu," akasema, "mwezi wa nne hapa ng'ombe wanazama mpaka tumbo. Hiyo ndege yako itapinduka." Akaniongoza kuvuka kijito, akanionyesha shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, gumu, lenye mteremko mdogo wa kupanda. Kutoka angani nilikuwa nimeliona na kulidharau kwa sababu lilikuwa na rangi ya vumbi. Nililiweka akilini, na asubuhi yake niliruka nikijua jina la kijito na upande wa shamba.

Naanza na matembezi haya kwa kuwa ndiyo sehemu ya mafunzo inayorukwa kuliko zote. Shuleni tunafundishwa kazi ya mikono: shusha pua, shika kasi, chagua shamba, funga mafuta. Yote ni sahihi. Ila injini ikizima mara tu baada ya kuruka, muda wako wote haufiki dakika moja, na sekunde tatu au nne za kwanza akili inakataa kuamini kilichotokea. Hapo hakuna anayechagua vizuri. Uamuzi ufanyike chini, ukiwa bado umeshika breki. Angani ibaki kutekeleza.

Nakuandikia hasa wewe uliyepata leseni karibuni, uwe umesomea Soroti, Wilson kule Nairobi, au umerudi kutoka Afrika Kusini, na sasa unatumwa Rukwa na ndege ya injini moja. Aliyejifunzia Wilson ana nafuu kidogo, kwa kuwa uwanja ule nao uko juu, zaidi ya futi 5,500. Aliyezoea Dar es Salaam au Zanzibar anahitaji kujifunza upya mambo kadhaa kabla ya kuiamini mikono yake.

La kwanza ni hewa. Mji wa Sumbawanga umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika likiwa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa mashariki. Kwa hesabu nyepesi tuseme futi 6,000. Namba kamili isome kwenye taarifa rasmi za viwanja zinazotolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Katika kimo hicho, hewa ya vitabuni ina nyuzi joto 3. Sasa chukua mchana wa Oktoba wenye nyuzi 28. Umezidi kwa nyuzi 25, na kila nyuzi iliyozidi ni sawa na kupanda futi 120 zaidi. Jumla yake ni futi 3,000. Ndege imesimama chini, magurudumu yanagusa ardhi, lakini mabawa, propela na injini vinafanya kazi kama vile viko futi 9,000.

Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Kwa hiyo robo nzima ya nguvu haipo kabla hujaachia breki. Njia unayohitaji ili kuruka inarefuka sana, na ukishanyanyuka, Cessna 172 iliyojaa itapanda karibu nusu ya ulichozoea Dar. Maana yake ni kwamba muda wa hatari, ule ambao uko chini mno kufanya lolote zaidi ya kutua mbele yako, unakuwa karibu mara mbili. Pwani ungeutoka kwa dakika moja na nusu. Hapa hesabu dakika tatu. Dakika hizo tatu usizungumze na abiria, usishughulikie redio isipokuwa lazima, usikunje ramani.

La pili ni macho. Geji ya kasi ikisoma noti 65 Sumbawanga mchana wa joto, kasi yako halisi hewani ni karibu 75. Ardhi inakimbia chini yako, na mwili unakuambia una kasi ya ziada. Huna. Bawa linajua geji tu. Namba za kitabu cha ndege zinabaki zilezile: kwa 172S ni noti 70 flapu zikiwa juu na 65 zikiwa chini baada ya injini kuzima, na 68 kwa kuteleza mbali zaidi. Za ndege yako zisome kwenye kitabu chake. Vijana wengi kutoka pwani wanavuta pua juu kwa sababu wanaona miti inapita upesi, wakidhani wana akiba. Tazama geji, iamini.

La tatu ni altimita, na hili nalisisitiza kwa kuwa nimeliona likimchanganya mwanafunzi hodari. Dar, altimita ikisoma 1,000 umepanda futi elfu moja hivi. Sumbawanga, ikisoma 6,500 umepanda futi 500 tu, na namba kubwa inakupa faraja isiyo na msingi. Kabla ya kuwasha injini andika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya pajani namba mbili: kimo cha uwanja, na kimo hicho ukijumlisha 1,000. Hiyo ya pili ndiyo mpaka wako. Mpaka usipofikiwa, mawazo ya kurudi uwanjani hayapo kabisa.

Sasa tuje kwenye kuizuia injini isizime, maana mazimiko mengi huanzia ardhini na rubani mwenyewe ana mkono ndani yake.

Mafuta kwanza. Mikoani mara nyingi utajaza kutoka kwenye mapipa, na usiku wa Ufipa ni wa baridi kali, hasa Juni na Julai. Tangi lililoachwa nusu tupu hujaa hewa, hewa hutoa jasho, na jasho ni maji. Chukua kikombe cha kioo, toa mafuta chini ya kila tangi, kinyanyue usawa wa macho ukielekea mwanga. Maji hujikusanya chini kama ushanga unaotikisika, wakati petroli ya ndege aina ya 100LL ina rangi ya samawati hafifu. Kikombe kikiwa cheupe chote, usishangilie: huenda umejaza kikombe kizima cha maji. Kinuse, dondosha tone kidoleni. Kama kina mafuta mafuta na harufu ya taa, mtu amekuwekea mafuta ya ndege za jeti, na injini ya pistoni itayakubali kwa muda wa kutosha kukufikisha mwisho wa uwanja. Kama ni maji, toa tena, mpaka upate kinachostahili; kama ni ya jeti, usiruke. Mwenye mapipa akikuharakisha, mwache aharakishe.

Mchanganyiko wa mafuta na hewa ni jambo ambalo mtu wa pwani hulisahau kila mara. Kule tunaruka mkono wa mchanganyiko ukiwa umesukumwa wote ndani. Ukifanya hivyo kwenye futi 6,000, injini inazamishwa na mafuta: inakohoa, inatetemeka, inapoteza mizunguko, na rubani anadhani inakufa. Ndege nyingi ndogo hutaka uurudishe mkono nyuma taratibu juu ya futi 3,000, injini ikiwa na nguvu zote, mpaka mizunguko ifike juu kabisa, ndipo uruke. Fanya hivyo mahali pasipo na mawe, au ukiwa umeanza kukimbia, kwa sababu changarawe hung'ata ncha za propela. Kwa miaka mingi uwanja wa Sumbawanga ulikuwa wa changarawe kabla ya kazi ya kuujenga kwa lami kuanza, na viwanja vingine vingi vya mkoa bado ni vya vumbi. Chujio la hewa lichunguzwe kila siku. Vumbi jekundu huliziba taratibu, na huwezi kulihisi mpaka siku ya joto.

Kisha barafu kwenye kabureta. Nikitaja barafu kwa wanafunzi wa Kitanzania wengine hutabasamu, lakini kuanzia Novemba hadi Aprili, asubuhi ya Sumbawanga ina ukungu, unyevu mwingi na nyuzi 15 mpaka 20. Hayo ndiyo mazingira ambayo barafu hujijenga kwenye koo la kabureta, hasa injini ikiwa inanguruma polepole ukisubiri ng'ombe wapite. Kabla ya kuingia kwenye njia ya kurukia, vuta joto la kabureta kwa sekunde kumi au zaidi. Mizunguko ikishuka kisha ikapanda yenyewe huku injini ikitikisika, barafu ilikuwepo na sasa inayeyuka. Subiri iishe. Ndege zenye kupuliza mafuta moja kwa moja hazina kabureta, kwa hiyo hazina tatizo hili.

Na mzigo. Mtu hatoki Rukwa mikono mitupu. Mmoja ana gunia la mchele wa bondeni, mwingine ndoo ya asali, wa tatu migebuka iliyokaushwa imefungwa vizuri kwenye kikapu. Yote ni mazuri na yote yana uzito. Pima kwa mizani, usikadirie kwa kunyanyua. Ukimkatalia mama mtu mzima gunia lake kwa heshima, ukamweleza kwamba litafuata kwa basi, atakuelewa. Nimeshamweleza mama wa namna hiyo, akaniita mwanangu na kunipa mahindi ya kuchoma. Tena weka alama katikati ya njia ya kurukia, hata kama ni kichaka. Ukifika hapo hujapata asilimia 70 ya kasi ya kunyanyukia, vuta nguvu, kanyaga breki, rudi ukapunguze mzigo au usubiri asubuhi yenye baridi.

Umepanga ndege kwenye njia, kila kitu kimekaguliwa. Sasa sema kwa sauti. Hata ukiwa peke yako, sema. Mimi husema hivi: "Upepo unatoka kushoto. Injini ikikataa kabla sijanyanyuka, navuta nguvu, nasimama. Ikizima nikiwa nimenyanyuka, pua chini, noti 70, shamba la mahindi ng'ambo ya kijito, kulia kidogo. Chini ya 7,000 sirudi." Inachukua sekunde kumi na tano. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, si nimeshayajua haya, kwa nini niyaseme?" Nikamjibu kwamba maneno yanayosemwa kwa kinywa mikono huyasikia. Baada ya wiki mbili nilivuta nguvu bila kumwonya, tukiwa juu salama, na nikaona usukani ukienda mbele kabla hajafumbua mdomo.

Injini ikizima, kazi ya kwanza ni hiyo: usukani mbele. Ndege inayopanda imeinua pua, na kilichokuwa kinaishikilia ni nguvu ya injini tu. Nguvu ikiondoka, kasi inayeyuka ndani ya pumzi mbili. Mkono wa binadamu, kwa silika, unataka kuvuta ardhi isikaribie. Ukivuta, bawa linakosa hewa, ndege inaangukia upande mmoja, na kutoka futi 300 hakuna nafasi ya kuinyanyua tena. Hiyo ndiyo stoli, na ndiyo inayoua. Kutua shambani bila injini, ndege ikiwa chini ya udhibiti na kwa kasi ndogo, watu wengi hutoka wazima. Kwa hiyo sukuma, kwa uthabiti, mpaka uone ardhi imejaa kioo cha mbele. Itakutisha. Shikilia hapo mpaka geji ikupe kasi yako.

Halafu geuza kidogo tu, nyuzi 30 kushoto au kulia, kuelekea shamba ulilolichagua. Ukiwa na muda, na nasema ukiwa nao, gusa mara moja: vali ya mafuta kwenye tangi lingine, mchanganyiko, joto la kabureta, swichi ya magneto, pampu. Isipowaka, iache. Chini ya futi 500 usijaribu kabisa. Mikono yako ina kazi nyingine: mchanganyiko nje, mafuta yafungwe, magneto zizimwe, flapu zishuke unapokuwa na uhakika wa kufika, swichi kuu ya umeme izimwe baada ya flapu, na mlango ufunguliwe kitasa kabla ya kugusa chini, kwa sababu bodi ikipinda mlango hukwama. Ukiweza neno moja redioni, liwe Mayday na jina la ndege. Usipoweza, usijilaumu, redio haijawahi kubeba ndege.

Nikae kidogo kwenye suala la kurudi, maana ndilo linalowavuta hata marubani wenye saa nyingi. Uwanja uko nyuma tu, mpana, umeuzoea, una watu. Fanya hesabu pamoja nami. Kwa kasi halisi ya noti 75 ukiinamisha bawa nyuzi 30, unachora duara lenye nusu kipenyo cha mita 260. Ukimaliza nusu ya duara unatazama ulikotoka, lakini uko mita 520 pembeni mwa njia ya kurukia, sekunde 21 zimepita, na bado unatakiwa kuendelea kugeuka kuikimbilia, kisha kugeuka tena upande mwingine ili kunyooka nayo. Pwani duara hilohilo lina mita 210 hivi. Ukiinamisha nyuzi 45 unapunguza duara hadi mita 150, ila kasi ambayo bawa hukosa hewa inapanda kwa karibu asilimia 20, na unazama upesi zaidi. Ukiwa na hofu, unaona ardhi inakuja, unavuta usukani katikati ya kona. Sehemu iliyobaki umeshaisoma hapo juu.

Na tuseme umefaulu kugeuka. Upepo uliokuwa usoni, tuseme noti 10, sasa uko mgongoni. Ungetua mbele kwa kasi ya ardhini ya noti 65. Ukirudi unagusa kwa 85. Nguvu ya kugonga hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo ni zaidi ya asilimia 70 juu. Ndiyo maana nimeweka mpaka wangu futi 1,000 juu ya ardhi kwa Sumbawanga. Ukitaka kujua wako, usiutoe kichwani wala kwenye mwongozo huu. Panda na mwalimu hadi futi 3,000 juu ya ardhi, weka ndege katika hali ya kupanda, vuta nguvu zote, hesabu sekunde nne bila kufanya lolote zaidi ya kulinda kasi, kisha geuka nyuzi 180 na nyingine 40, unyooke. Soma futi ulizopoteza. Rudia mara tano ndege ikiwa na mzigo, chukua namba mbaya kuliko zote, uiongeze nusu yake. Wengi huteremka kutoka kwenye zoezi hilo wakiwa kimya.

Sasa mashamba. Ufipa ni nchi ya wazi, miti michache na majani mengi, na mgeni hudhani kila mahali ni pa kutua. Wafipa wana kilimo chao cha tangu zamani, ntumba: majani hukatwa yakafukiwa chini ya vilima vya udongo vya mviringo, yaoze, yarutubishe shamba kwa ajili ya msimu unaofuata. Ni elimu kubwa ya udongo, lakini kwa gurudumu la mbele la ndege ni ukuta. Kutoka juu huonekana kama vidoa vilivyopangwa; ukiviona, tafuta kwingine. Matuta marefu yanafaa ukitua kwa kuyafuata, kamwe usiyakate. Mahindi yaliyosimama si adui. Yachukulie vichwa vyake kuwa ndiyo ardhi, punguza kasi mpaka mwisho juu yake, yakupokee. Majani marefu ya kahawia ndiyo ninayoyaogopa, kwa sababu yanaficha vichuguu vigumu kama saruji. Ukiona mahali palipoungua moto wa kiangazi, pachague: ardhi nyeusi haifichi kitu, na moshi uliobaki unakuonyesha upepo. Jihadhari na tanuri za matofali, watu hujenga popote penye udongo mzuri.

Barabara kuu ya Tunduma inavutia, lami safi iliyonyooka. Ina nyaya za umeme usizoziona mpaka umezifikia, malori ya mahindi, bodaboda, na watoto wanaotoka shule. Shamba la mtu linaweza kulipwa fidia. Usipopata shamba zuri, chagua baya unalolifikia kwa udhibiti: pita kati ya miti miwili, mabawa yavunjike, kiti chako kibaki kizima.

Upande wa mashariki na kaskazini-mashariki ya mji imesimama milima ya Mbizi, inayopita mita 2,000. Ndege inayopanda taratibu ikielekea mlima haina shamba hata moja mbele yake, kwa hiyo zungukia kwanza juu ya nchi ya wazi upate kimo. Ukishavuka ukingo, hali inabadilika kwa faida yako: ardhi inaporomoka karibu mita 1,000 hadi bonde la Rukwa, na ndege ndogo huteleza takriban mara tisa ya kimo chake. Bonde hilo limezoea ndege. Ni moja ya mazalia yanayojulikana ya nzige wekundu, na tangu shirika la kimataifa la kupambana nao lilipoanzishwa mwaka 1949, makao yake yakiwa Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, marubani wamekuwa wakiruka chini sana juu ya mabwawa yale kunyunyizia dawa. Wao hawana kimo ila wana kasi, na injini ikizima huigeuza kasi kuwa futi chache kwa kuinua pua, kisha hushusha. Wewe unayeruka kutoka uwanjani huna kimo wala kasi. Usiige mkono wao.

Wenye injini mbili nao wasilale. Kitabu cha Piper Seminole kinasema injini moja ikizima, nyingine inaweza kuipandisha ndege hadi futi 3,800 tu. Uwanja wa Sumbawanga uko juu ya hapo. Kwa ndege ya namna hiyo iliyojaa, injini iliyobaki inakurefushia mteremko, basi. Chagua shamba lako vilevile. Na usikimbilie kuzima kitu. Tarehe 4 Februari 2015, Taipei, ATR 72 ya TransAsia ilipoteza injini ya kulia mara baada ya kuruka, nahodha akapunguza na kuzima ya kushoto iliyokuwa nzima. Watu 43 kati ya 58 walikufa. Mguu unaosukuma pedali uko upande wa injini nzima. Mguu usio na kazi unakuonyesha iliyozimika. Thibitisha kwa kuvuta mkono wake wa nguvu taratibu, uone kama ndege inabadilika, ndipo uzime. Na hata kwa injini moja kama ya Caravan, kumbuka kulaza makali ya propela, maana propela inayozungushwa na upepo ni breki angani.

Kuna tukio moja ninalowapa wanafunzi wote wanaokuja Ufipa, kwa sababu uwanja wake uko karibu kimo kilekile. Tarehe 15 Septemba 1988, Boeing 737 ya Ethiopian Airlines ilikuwa inanyanyuka Bahir Dar, kando ya Ziwa Tana, ilipoingia katikati ya kundi la njiwa. Injini zote mbili ziliwameza. Marubani walipanda walivyoweza, wakageuka kurudi, na injini zikazima njiani. Waliiweka chini kwenye nchi ya wazi bila magurudumu, ikashika moto. Kati ya watu 104, walikufa 35, wakaokoka 69. Rukwa ni nchi ya mahindi, na penye nafaka pana njiwa. Kabla ya kuruka, mtume mtu aende na pikipiki mpaka mwisho wa njia akiwafukuza, hasa asubuhi na wakati wa mavuno.

Ukishatua shambani na ndege imesimama, toka, watoe abiria, wahesabu, wapeleke upande upepo unakotoka, mita mia moja. Washa mtambo wa dharura wa masafa ya 406 kama haujawaka wenyewe. Watu watakuja wakikimbia, watoto mbele, na kutakuwa na mwenye sigara au simu anayetaka kupiga picha chini ya bawa linalovuja. Mtafute mtu mzima mwenye sauti, mwamkie, mwambie petroli inamwagika na umwombe awarudishe nyuma. Atafanya, na watamsikiliza kuliko wewe. Kisha piga simu uwanjani, useme uko shamba gani, ng'ambo ya kijito kipi.